Asiye na Makazi ni Nani? Kuhesabu Watu kutoka Longech hadi Lodwar na Kakuma

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazee wa vijiji, wasimamizi wa wadi, kamati za BMU za ufuoni na vijana wa kujitolea



Swali la leo ni jepesi kuuliza na zito kujibu: ni watu wangapi katika Kaunti ya Turkana hawana makazi? Mwenye haraka atazunguka mjini Lodwar usiku mmoja, ahesabu watoto waliolala kwenye veranda za maduka, kisha aandike nambari. Nambari hiyo itaziacha nje familia za Longech zilizohamishwa na maji ya ziwa. Mwingine atatazama wafugaji walio njiani na mifugo yao, aone hawana nyumba ya mawe wala ya mabati, awahesabu wote kuwa hawana makazi. Huyo naye atakuwa amepotea. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu au kishikwambi, ni lazima kukubaliana ni nani anayehesabiwa.

Kwa nini hesabu ina uzito

Turkana inajua gharama ya hesabu yenye mgogoro. Baada ya sensa ya 2009, wakati Wakenya walitangazwa kuwa 38,610,097, Waziri wa Mipango wa wakati huo, Wycliffe Oparanya, alitangaza mnamo Agosti 2010 kwamba matokeo ya wilaya nane yamefutwa. Tatu kati ya hizo zilikuwa za hapa: Turkana ya Kati, Turkana Kaskazini na Turkana Kusini. Mabishano yakaanza. Wengine walisema idadi imetiwa chumvi, wenyeji wakasema wanaadhibiwa kwa kuhesabiwa. Sensa ya 2019 iliwapata watu 926,976 katika kaunti hii.

Nambari hizi si za kupamba vitabu. Katiba ya 2010 inataka mapato ya taifa yagawanywe kwa kaunti kwa mfumo unaopitishwa na Seneti kila baada ya miaka mitano, na idadi ya watu ni sehemu ya mfumo huo. Mipaka ya wadi na maeneo bunge pia hufuata idadi ya watu. Darasa, zahanati na kisima hupangwa kwa kutazama waliohesabiwa. Mtu asiyehesabiwa bado anakunywa maji, anaugua na kujifungua, lakini hakuna bajeti inayomtaja.

Kitaifa, hesabu kubwa ya familia za mitaani ilifanywa mwaka 2018, chini ya hazina ya kurekebisha familia hizo iliyoanzishwa mwaka 2003. Ilipata watu 46,639 nchini kote. Nairobi ilikuwa na 15,337 na Mombasa 7,529. Hesabu hiyo ilisaidia sana, maana kabla yake kila shirika lilikuwa na makadirio yake. Lakini ilitafuta watu wa mitaani, na hapa kwetu si kila aliyepoteza makazi yuko mtaani.

Makazi ni nini kwa Mturkana

Mtu wa mjini husikia neno makazi akafikiria kuta, mlango na kodi ya mwisho wa mwezi. Katika awi, boma la Kiturkana, mama hujenga akai ya kulala na ekol ya kivuli cha mchana kwa fito na makuti ya mkoma. Malisho yakiisha, boma huhama. Familia haihami peke yake, bali husonga na adakar, kundi la maboma yanayochunga na kulindana pamoja. Mfugaji huyu ana makazi, ila makazi yake yanatembea. Anajua atalala wapi kesho, na asipoonekana jioni kuna watu watakaofuata nyayo zake.

Hapo ndipo penye kipimo. Maswali mawili yanatosha kuanzia. La kwanza: je, kuna mahali ambapo mtu huyu anaweza kulala kesho na kesho kutwa bila kufukuzwa na mtu, wala na maji, wala na hofu? La pili: je, asipoonekana, kuna mtu atakayemtafuta? Mwenye jibu la ndiyo kwa yote mawili ana makazi hata kama amelala chini ya mti. Mwenye jibu la hapana anahitaji kuandikwa, hata kama kichwani pake kuna paa.

Longech: nyumba iliyomezwa na maji

Longech ni ulimi wa mchanga unaoukinga Ghuba ya Ferguson, ng'ambo ya Kalokol. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Sehemu kubwa sana ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na hupungua kwa jua na upepo tu. Kwa sababu hiyo ziwa hili hupanda na kushuka kuliko mengi. Katika miaka ya 1980 ghuba ilikauka, na kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa msaada wa Norway kikakosa kazi. Lilipojengwa bwawa la Gibe III huko Ethiopia, lililokamilika mwaka 2016, hofu ya wengi ilikuwa kwamba ziwa litakauka tena.

Likapanda. Kati ya 2011 na 2020 ziwa lilipanuka kwa takriban asilimia 10 na kufunika karibu kilomita mraba 800 za nchi kavu. Taarifa ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa na Ziwa Victoria ilisema kaya 75,987, zenye watu 379,935, ziliguswa na maji katika kaunti mbalimbali. Ufuoni mwa Turkana mikoma ilibaki imesimama ndani ya maji, imekufa.

Sasa atafutwe aliyepoteza nyumba Longech. Usiku hayuko kwenye veranda. Yuko Kalokol kwa shemeji, watu kumi katika akai moja. Au amejenga kibanda cha turubai hatua chache kutoka kwenye maji, naye ameshahamisha kibanda hicho mara mbili au tatu. Au anarudi Longech kwa mashua kila siku, kwa kuwa samaki wako huko na hana ng'ombe wa kurudia. Ukihesabu mchana ufuoni utawapata pia wachuuzi na wavuvi waliotoka mbali kufuata samaki, ambao wana nyumba zao kwingine. Ukihesabu usiku utawakosa waliokwenda kutega nyavu jioni ili wazitoe alfajiri.

Familia hizi zina jina katika sheria. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani inawatambua pia waliohamishwa na majanga ya asili, si waliokimbia vita peke yao. Lakini haki ya mkimbizi wa ndani huanza na kujulikana kwamba yupo. Aliyejihifadhi kwa jamaa haonekani, na ukarimu wa jamaa huyo ndio unaomficha. Kwa hiyo Longech swali haliwezi kuwa "unalala wapi?" pekee. Ni lazima pia liwe "ulikuwa unalala wapi kabla ya maji, na unaweza kurudi?"

Lodwar: mtoto aliye na kwao

Mjini Lodwar hali ni kinyume. Mtoto anayeokota vyuma kuukuu na chupa, anayelala karibu na soko au kwenye mchanga wa lugga, mara nyingi ana kijiji, ana ukoo, pengine ana mama aliye hai. Ukimuuliza kama ana kwao atasema ndiyo. Karatasi ikiuliza swali hilo moja tu, itamwandika kuwa ana makazi na kumwacha pale pale.

Ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, uliua mifugo ambayo ndiyo benki na shamba la jamii. Mifugo ikiisha, boma hupungua. Mkubwa hutumwa kwa mjomba mjini, na mjomba naye ana wake wa kulisha. Mwingine huja mwenyewe kufuata chakula. Wapo wanaofanya kazi mchana na kurudi nyumbani jioni, na wapo wasiorudi. Makundi haya mawili yanavaa sawa na kushika gunia la aina moja, lakini mahitaji yao ni tofauti. Wa kwanza anahitaji karo na chakula shuleni. Wa pili anahitaji mlezi kabla ya kitu kingine chochote. Anayewaita wote chokoraa hatawatofautisha, na mradi utakaoandikwa kwa nambari yake hautamfaa hata mmoja.

Kakuma: penye kadi na pasipo na kadi

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, vijana wa Sudan walipofika kwa miguu wakikimbia vita. Baadaye makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa kando yake, na leo yote mawili yana zaidi ya watu robo milioni. Kila mkimbizi huandikishwa: jina, alama za vidole, ukubwa wa familia. Mgao wake hutegemea maandishi hayo.

Kuna somo hapo kwa kila mhesabuji. Watu waliofika bila chochote, wakisema lugha nyingi, wanahesabika. Haiwezi kusemwa basi kwamba familia ya Longech au mtoto wa Lodwar ni vigumu mno kumwandika. Tofauti ni kwamba aliyevuka mpaka ana ofisi inayomsubiri, na aliyehama kutoka ufuoni hadi Kalokol hana. Katika mji wa Kakuma wapo pia wenyeji waliokuja kutafuta kibarua wakakosa pa kulala, na hao hawamo katika orodha ya kambi.

Jinsi ya kuhesabu

Sensa ya 2019 iliwahesabu waliolala nje usiku wa tarehe 24 Agosti. Marekani hufanya hivyo kila mwaka usiku mmoja mwishoni mwa Januari, kwenye baridi kali, kwa sababu wengi huingia katika vituo vya malazi na waliobaki nje huonekana. Januari 2024 walipatikana watu 771,480. Huko New York watu wa kujitolea wamewahi kuwekwa barabarani wajifanye hawana makazi, ili ijulikane wahesabuji wanawapita wangapi bila kuwaona.

Turkana haina baridi ya kusaidia hesabu, kwa hiyo siku ichaguliwe kwa busara ya hapa. Usiku wa kuamkia siku ya soko utaleta wageni. Siku ya kugawa chakula cha msaada itavuta watu upande mmoja. Wakati wa likizo, wanafunzi huchanganyika na watoto wa mitaani. Katikati ya kiangazi picha huwa tofauti na baada ya mvua. Hesabu mbili kwa mwaka zitaeleza zaidi ya moja.

Kwa watoto wanaohamahama mjini kuna njia nyepesi ya kukadiria. Tuseme usiku wa kwanza wanapatikana 40, kila mmoja akiandikwa kwa alama isiyotaja jina. Baada ya siku chache wanapatikana 50, na 20 kati yao ni wale wa kwanza. Ikiwa 20 katika 50 walishaonekana, basi usiku ule wa kwanza uligusa sehemu mbili kwa tano za wote. Arubaini ni sehemu mbili kwa tano za 100. Nambari ya kufanyia kazi ni karibu 100, wala si 40 wala 50. Ufuoni njia hiyo haifai sana. Huko ni bora mzee wa kijiji, BMU na akina mama wakae pamoja na orodha ya maboma yaliyokuwepo kabla ya maji, waulize boma moja baada ya jingine: hawa wako wapi leo?

Hesabu si msako

La mwisho ndilo linaloweza kuharibu yote. Mtoto akiona watu wenye tochi na vitambulisho shingoni, hukimbia. Anadhani ni msako. Hesabu ikitumiwa hata mara moja kuwakusanya watoto kwenye lori, hesabu ijayo haitampata mtu. Mhesabuji afuatane na mtu wanayemwamini, aongee Kiturkana, aeleze kwa nini anauliza, na akubali kuambiwa hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtoto wa mtaani sawasawa na mtoto wa mkubwa. Picha yake haiwekwi kwenye simu, na jina lake halisomwi hadharani.

Tena asiahidiwe kitu ambacho hakipo. Anayeandikwa leo akitarajia turubai kesho, asipoiona ataihesabu serikali miongoni mwa waongo.

Wazee wetu, chifu na karani wanaweza kuleta fomu, lakini anayejua boma gani limehama na halijarudi ni ninyi. Mkikaa kimya kwa kuwa waliohama wamepokelewa na jamaa, fomu itasema Longech hakuna aliyepoteza kitu. Mkiwataja, watakuwemo.