Asilimia 20 za mwalimu wa darasa

Kenya iliaga mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 2023; ulikuwepo tangu 1985. Sasa alama za kuingia sekondari ya juu zinakusanywa kidogo kidogo: asilimia 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9, 20 kutoka ule wa Gredi ya 6, na 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8.

Hizo za shuleni ndizo zinazonishughulisha. Zinampa nafasi mtoto hodari wa kazi za mikono, au wa kujieleza mbele ya wenzake, ambaye karatasi ya mtihani humtia kiwewe. Baraza la mitihani, KNEC, hutoa kazi na mwongozo wa kusahihisha. Mwalimu hupima, kisha hutuma alama mtandaoni. Lakini mwenye wanafunzi 70 darasani atamtazama nani akifanya kazi ya vitendo? Atakisia. Na mradi uliomalizwa na mama usiku (wazazi tunajijua) unapima uwezo wa nani?

Serikali ikitaka tuziamini alama hizi, iajiri walimu zaidi, hasa wa sekondari ya msingi (Gredi ya 7 hadi 9).