Meno ya Difu na Matumizi ya Petroli



Leo napenda kusema nanyi, wenye pikapu wa Thika na Ruiru, habari ya jambo linalozungumzwa sana katika gereji zetu: kubadili meno ya difu ili gari linywe petroli kidogo. Jambo hili ni kweli, lakini si kweli kwa kila gari. Asiyelifahamu huweza kutoa akiba ya miezi mingi akapata hasara.

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna magurudumu mawili ya meno: dogo, linalozungushwa na shafti itokayo kwenye giaboksi, na kubwa, linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya gari. Tuseme dogo lina meno 9 na kubwa meno 41. Basi shafti huzunguka mara nne na nusu na kuzidi kidogo, ndipo gurudumu la gari lizunguke mara moja. Ukiweka jozi yenye meno 10 na 41, shafti itazunguka mara 4.1 tu. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika sasa itazunguka mara 2,700 kwa mwendo ule ule, na petroli hupungua. Lakini msidhani kuwa itapungua kwa sehemu moja ya kumi. Upepo na uzito wa shehena havikubadilika, kwa hiyo faida huwa ndogo kuliko hiyo.

Sasa fikirini majirani wawili. Mmoja huchukua mayai kutoka Ruiru mpaka Nairobi kila alfajiri, kwa ile Barabara Kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012. Mzigo wake ni mwepesi, na lami ni laini. Huyu aweza kufaidika. Wa pili huchukua mawe ya Ndarugo kuwapelekea wajenzi katika vilima vya Gatundu. Akibadili difu, gia ya tano haitavuta. Atarudi ya nne, kisha ya tatu, klachi itakwisha mapema, na petroli itazidi badala ya kupungua.

Mtajuaje difu mliyo nayo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lisimamisheni gari mahali tambarare, wekeni kabari kwenye magurudumu ya mbele, na gia iwe huru. Inueni gurudumu moja la nyuma kwa jeki, liegemezeni gari juu ya stendi imara, kisha achieni breki ya mkono. Tieni alama ya chaki kwenye gurudumu na kwenye shafti. Zungusheni gurudumu mara mbili kamili, na mwenzenu ahesabu mizunguko ya shafti. Hesabu hiyo ndiyo kipimo cha difu yenu.

Tena yako mambo matatu ya kuangaliwa. Kwanza, magurudumu ya meno hununuliwa kwa jozi. Msichanganye jipya na kuukuu. Pili, kama gari huvuta kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele nayo lazima ibadilishwe iwe sawa na ya nyuma, la sivyo vyuma vitavunjana. Tatu, katika pikapu nyingi spidomita huendeshwa kutoka kwenye giaboksi. Kwa mfano wetu, itaonyesha 72 hali gari linakwenda 80. Dereva asiyejua hilo atajitia hatarini.

Mwisho, pigeni hesabu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa siku na kula lita 10, likipunguza nusu lita, huokoa lita 12 na nusu katika siku 25 za kazi. Jumlisheni bei ya difu na ujira wa fundi, kisha gawanyeni kwa bei ya lita hizo. Jibu ni miezi mtakayongoja mpaka fedha zenu zirudi.

Na kabla ya yote, pimeni upepo wa matairi, safisheni chujio la hewa, tazameni kama breki zinashika bila kukanyagwa, na punguzeni mwendo. Huenda mkaona kwamba difu haikuwa na kosa lo lote.

Nawatakia safari njema.