Presha Si Mawazo Tu
Maneno ya afisa wa afya kwa wakulima na wachumaji chai



Kwenye vituo vya kununulia majani chai nasikia watu wakisema, "Presha ni mawazo tu. Bonasi ikiingia itaisha." Neno hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki inaua.

Sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, ndiyo huamua moyo upige kasi gani na mishipa ya damu ibane kiasi gani. Amri hizo hupitishwa na kemikali iitwayo noradrenalini. Ukishtuka au ukiwaza karo, kemikali hii huongezeka, mishipa hubana, presha hupanda. Ukitulia, hushuka. Huo bado si ugonjwa.

Ugonjwa ni pale presha inapobaki 140/90 au zaidi kila inapopimwa, hata umetulia. Watafiti waliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1990. Presha yao ilipanda ndani ya miezi michache. Walikula chumvi zaidi, na mioyo yao ilipiga kasi kuliko ya waliobaki nyumbani. Yaani chakula na ubongo vilisaidiana. Kwa hiyo bonasi peke yake haiponyi presha.

Ndiyo maana zipo dawa, kama methildopa wanayopewa akina mama wajawazito, zinazoingia kwenye ubongo na kupunguza amri hizo. Nyingine, kama atenololi, huzuia moyo usiitikie. Ukiacha dawa za aina hii ghafla kwa sababu kichwa hakiumi tena, presha inaweza kuruka juu na kukuletea kiharusi. Usiache kabla hujaongea na daktari.

Presha mara nyingi haina dalili. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Basi pima. Mhudumu wa afya ya jamii akipita kwako na mashine, mnyoshee mkono. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Ukiandikiwa dawa, meza kila siku, bonasi iwe imeingia au bado.