Karatasi ya Kijani: Julia Ojiambo na Wanawake wa Magharibi katika Siasa za Taifa

Mhadhara wa umma, Amalemba, Kakamega



Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita. Ya zambarau ni ya Mwakilishi wa Kike wa kaunti. Ya kijani ni ya mbunge wa eneobunge. Tangu utaratibu huu wa kura sita uanze mwaka 2013, Kakamega imepiga kura katika chaguzi kuu tatu, na maeneobunge yetu ni 12, kuanzia Likuyani hadi Khwisero. Kwa hiyo mara 36 tumejaza karatasi ya kijani na kumpata mbunge, na mara zote 36 amekuwa mwanamume. Uchaguzi mdogo wa Matungu wa mwaka 2021 haukubadilisha lolote. Nimekuja kulizungumzia jambo hili kupitia maisha ya mwanamke wa magharibi aliyepewa kura ya namna hiyo nusu karne iliyopita, na majirani zetu.

Julia Auma Ojiambo alizaliwa mwaka 1936 huko Samia, Busia. Kabla ya siasa alikuwa mtaalamu wa lishe na mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza chakula cha watu wetu na afya ya watoto wanaokila. Alikuwa na shahada ya uzamifu. Mwaka 1974 aliwania ubunge huko Busia akashinda, na Mzee Jomo Kenyatta akamteua waziri msaidizi. Hakuna mwanamke Mkenya aliyekuwa amepewa wadhifa huo kabla yake.

Habari zake zikisimuliwa, huishia hapo penye "wa kwanza". Mimi nawaomba tuutazame ushindi wenyewe. Mwaka 1974 hapakuwa na kiti kilichotengewa wanawake, wala sheria ya thuluthi mbili ya kijinsia. Chama cha upinzani cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1969, Kanu ikabaki peke yake, na ushindani ukawa baina ya wana-Kanu wenyewe. Kila aliyetaka ubunge alisimama mbele ya wananchi wale wale. Busia na Kakamega zilikuwa wilaya mbili za mkoa mmoja, na makao makuu ya mkoa huo yalikuwa papa hapa mjini. Anayeniambia leo kwamba mila za Waluhya hazikubali mbunge mwanamke, namwomba anieleze Wasamia walifuata mila za nani mwaka ule.

Na Ojiambo hakuwa peke yake bungeni. Alimkuta Grace Onyango, aliyewahi kuwa mwalimu, akawa meya wa Kisumu mwaka 1965, kisha mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Onyango alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati teule iliyochunguza mauaji hayo, wakati ambapo kuuliza maswali kulikuwa hatari. Alikuwemo Chelagat Mutai wa Eldoret Kaskazini, binti aliyekuwa hajafika miaka 30, ambaye baadaye alifungwa jela na hatimaye kukimbilia Tanzania. Alikuwemo pia Nyiva Mwendwa wa Kitui, aliyekuja kuwa waziri kamili mwaka 1995. Wote hao walikuwa wabunge wa maeneobunge, na kazi yao haikuishia kwenye mambo ya akina mama.

Niongeze moja linaloniuma. Grace Ogot, mwandishi mashuhuri, alisoma Butere, ndani ya kaunti hii. Waliompeleka bungeni kwa kura, mwaka 1985, ni watu wa Gem. Sisi tulimpa masomo tu.

Katiba ya mwaka 2010 ilileta viti 47 vya wawakilishi wa kike, kimoja kwa kila kaunti. Kakamega imewachagua Rachel Ameso mwaka 2013, kisha Elsie Muhanda mwaka 2017 na tena 2022. Kiti hicho nakiheshimu, na wanawake waliokipata nawaheshimu. Lakini tazameni mzigo wake. Mbunge wa Lurambi huomba kura Lurambi. Mwakilishi wa kike huziomba katika maeneobunge yote 12, kaunti ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 1,867,579. Ni eneo lile lile la gavana, lakini gavana akishinda hukabidhiwa bajeti ya kaunti nzima. Mwakilishi wa kike hupata hazina ya NGAAF ya kuhudumia vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, ilhali fedha za madarasa na basari za eneobunge ziko mikononi mwa mbunge. Mwanamke mwenye nguvu za kuzunguka kutoka Lugari hadi Khwisero angeshindwaje kuzunguka eneobunge moja?

Hashindwi. Huzuiwa mapema, na mara nyingi matangani. Mnajua jinsi viongozi wanavyoitwa chini ya hema. Mwakilishi wadi husimama, mbunge husimama, wanaotaka kumng'oa nao hupewa kipaza sauti, na kila mmoja hueleza habari za barabara, sukari ya Mumias na karo. Mwaniaji mwanamke akiinuka, mfawidhi humwambia, "Mama, salimia akina mama, ni dakika moja." Akianza kugusia barabara anakumbushwa muda. Waombolezaji wanarudi nyumbani wakimjua kama mtu wa salamu.

Likifuata swali la ndoa, mambo huharibika kabisa. Akiwania alikozaliwa ataambiwa akaombe kura kwa mumewe. Akiwania kwa mumewe ataambiwa yeye ni wa kuja. Asipoolewa, ndiyo hotuba nzima ya wapinzani wake. Mwanamume aliyehamia Nairobi miaka 20 iliyopita haulizwi hata anapolala.

Mahakama zimejaribu kusaidia. Bunge lilishindwa mara kwa mara kupitisha sheria ya thuluthi mbili, na tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sioni sababu ya Kakamega kusubiri Nairobi katika hili, kwa sababu karatasi ya kijani hupigwa hapa.

Ojiambo mwenyewe hakukubali kufungiwa katika ngazi moja. Mwaka 2007, akiongoza chama cha Labour, alikuwa mgombea mwenza wa Kalonzo Musyoka katika uchaguzi wa urais. Walimaliza wa tatu. Martha Karua alipokuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga mwaka 2022, mama huyu wa Samia alikuwa ametangulia kwa miaka 15. Na Busia haikusahau njia: Teso Kusini ilimchagua Mary Emaase kuwa mbunge mwaka 2013, na tena mwaka 2022.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na tikiti za vyama zitagawanywa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo. Hapo ndipo pa kubana. Ofisa wa chama chochote akija Amalemba kuomba kura, aulizwe hadharani, na jibu liandikwe: katika maeneobunge 12 ya Kakamega, chama chake kitampa mwanamke tikiti ya ubunge wapi, ada ya mchujo ni kiasi gani, na nani atahesabu kura za mchujo huo. Ombi langu kwa vijana wa chuo ni kwamba kazi ya kuuliza na kuandika waianze kwa Lurambi, eneobunge tulimo, kabla orodha za wanachama hazijafungwa.