Mti wa Woodberry Down

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwasimulia habari ya ugomvi uliotokea London, nao ni ugomvi ambao wazee wa kijiji cho chote wangeufahamu bila kufasiriwa. Watu wahitaji nyumba, na mahali pa kujenga pana mti mkubwa wa zamani. Je, ukatwe?

Upande wa kaskazini wa Hackney pana makao yaitwayo Woodberry Down. Nyumba zake za kwanza zilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ghorofa juu ya ghorofa, wakakaa humo watu wa kipato kidogo. Miaka ikapita, nyumba zikachakaa, na halmashauri ya Hackney ikapatana na kampuni ya wajenzi zibomolewe na kujengwa upya. Katika sehemu moja ya kazi hiyo zilikusudiwa nyumba 584, na 117 katika hizo zilikuwa za kupangishwa kwa kodi nafuu.

Basi, kando ya njia palisimama mti wa miaka ipatayo 150. Ulikuwa wa aina iitwayo London plane, ambayo majani yake hufanana na kiganja kilichokunjuliwa, na gome lake hubambuka vipande vipande. Kwa hiyo hustahimili moshi na masizi ya mji. Watu waliuita Happy Man, yaani Mtu Mwenye Furaha, kwa jina la kilabu cha pombe kilichokuwa karibu nao. Nyumba zile zote ziliukuta pale pale.

Wenyeji waliposikia kwamba utakatwa, wengi walisimama kuutetea. Walitia sahihi zao maelfu kwa maelfu, na katika mwaka huo wa 2020 mti ukachaguliwa kuwa mti bora wa mwaka katika England. Wala hawakuzikataa nyumba. Walilotaka ni ramani igeuzwe kidogo, nyumba zipatikane na mti ubaki.

Halmashauri ilijibu kwamba ruhusa ya kujenga imekwisha tolewa, na kuichora ramani upya kutaleta gharama na kuchelewesha kazi. Jibu hilo si la kudharauliwa. Mama anayelala na watoto wake katika chumba chenye unyevu, akingojea zamu yake mwaka baada ya mwaka, mtamwambia nini? Kivuli hakimfuniki mtu usiku wa mvua.

Hata hivyo, sisi twaona kosa lilikuwa katika mpango wa kazi. Ramani ilichorwa kwanza, na mti ukaulizwa baadaye. Mjenzi angalianza kwa kuupima mti, akajua mizizi yake yafika wapi, kisha akapanga kuta zake, huenda pasingalikuwa na ugomvi wo wote. Mstari wa wino ni rahisi kuusogeza kabla fedha hazijahesabiwa. Baada ya hapo, hata mtu mwema huona haya kurudi nyuma.

Mwaka ule ule, hapa kwetu Afrika, mugumo mmoja wa Nairobi, uliosimama kando ya Waiyaki Way, ulikuwa katika hatari kama hiyo kwa ajili ya barabara mpya ya juu. Watu walipiga kelele, na mwezi wa Novemba ikatoka amri ya Rais kwamba usiguswe. Lakini tusijisifu upesi, maana kwa barabara ile ile miti mingine mingi ilianguka pasipo mtu kuitaja jina.

Mti wa Woodberry Down haukupata amri ya namna hiyo. Mwezi wa Januari, 2021, wakataji walikuja na misumeno yao wakaukata. Wajenzi waliahidi kupanda miti mingine mahali pale. Mche uliopandwa mwaka ule utafikia umri wa mti uliokatwa katika mwaka wa 2171.