FILIMU NDOGO NDANI YA KAMERA KUBWA YA ZAMANI

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja ashike penseli, maana leo kuna kupima na kuhesabu.

Huenda katika sanduku la baba au la babu yako mna kamera ya zamani: ile nyeusi ya umbo la boksi, au ile ya kukunjua yenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Nyingi katika hizo hutumia filimu pana iitwayo 120, iliyotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1901. Filimu hiyo yatengenezwa hata leo, lakini si kila duka linayo. Nyingine zilitaka filimu ya 620, ambayo Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1995. Iliyo rahisi zaidi kupatikana ni filimu ndogo ya kikebe, yenye upana wa milimita 35 na matundu pande zote mbili. Je, hiyo ndogo yaweza kutiwa katika kamera kubwa? Yaweza. Mimi naitumia, ila nilijifunza kwa hasara.

Kamera yangu ni ya boksi, niliachiwa na baba. Siku moja nilitia filimu ndogo, nikampiga mama picha, ameketi barazani akichagua mchele. Filimu ilipokwisha nikafungua mgongo wa kamera sebuleni, mchana, kama nilivyozoea kwa filimu pana. Iliposafishwa ilitoka nyeusi tii, mwanzo hata mwisho. Mama alifariki mwaka ule ule.

Kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika karatasi. Filimu pana ina karatasi mgongoni, nayo huzuia mwanga. Tena karatasi hiyo ndiyo yenye namba. Unachungulia katika kidirisha chekundu nyuma ya kamera, unazungusha mpaka namba 2 itokee, basi unajua picha ya pili i tayari. Filimu ndogo haina karatasi. Ikisha kutoka katika kikebe chake, i uchi.

Kwa hiyo, kwanza ziba kidirisha chekundu kwa utepe mweusi wa gundi, ule wa mafundi wa umeme. Ziba ndani na nje. Msidanganyike na wekundu wake. Filimu nyingi za siku hizi huuona mwanga mwekundu sawasawa na mwanga mwingine.

Kisha kikebe kikae katikati. Kwa kuwa ni kifupi, kitachezacheza mahali pa reli ya filimu pana. Chonga vipande viwili vya mti au vya kizibo, uvitie juu na chini yake. Ncha ya filimu ishike kwa utepe katikati ya reli tupu, iende imenyooka. Ikienda upande itakunjamana.

Sasa hesabu. Namba hazipo, basi utajuaje umezungusha kiasi gani? Tafuta filimu iliyoharibika, uitie, uache mgongo wazi. Weka alama ya kalamu kwenye filimu, ukingoni mwa dirisha la picha. Zungusha ufunguo mpaka alama ifike ukingo wa pili na kupita kidogo. Umezungusha mara ngapi? Andika. Weka alama nyingine, urudie, mpaka filimu iishe. Utaona jambo la ajabu: hesabu haibaki moja. Mwanzoni reli ni nyembamba, yataka mizunguko zaidi. Kadiri filimu inavyojizungusha reli hunenepa, na mizunguko hupungua. Kwa kamera ya picha za mraba, zenye sentimita 6 kila upande, yaweza kuanza na mzunguko mmoja na nusu na kuishia karibu na mmoja tu. Orodha hiyo ibandike mgongoni mwa kamera.

Mtaniuliza, “Bwana, simu zipo, ya nini taabu hii?” Sibishani nanyi. Lakini tazameni picha inayotoka: ndefu na nyembamba, inafika mpaka kwenye matundu ya filimu. Simu yangu hainipi picha ya namna hiyo.

Kumbukeni tu kwamba kioo cha kutazamia huonyesha eneo lote la filimu pana, na filimu yako hushika ukanda wa katikati peke yake. Katika kamera ya boksi ukanda huo husimama wima. Ukipiga kundi la watu, ilaze kamera ubavu, usije ukawakata wa pembeni.

Filimu ikiisha, usifungue. Kamera ya boksi haina ufunguo wa kurudisha filimu katika kikebe. Ngoja usiku, ingia chumba kisicho na dirisha, ziba chini ya mlango kwa blanketi, zima taa na simu. Nyoosha mkono mbele ya uso wako. Ukiuona hata kidogo, bado si giza. Usipouona, fungua, na kwa vidole uirudishe filimu yote ndani ya kikebe polepole, ukizungusha kijiti chake.

Kwa juma lijalo leteni rula na filimu moja iliyoharibika. Tutapima pamoja. Kwaherini.