Tusingoje Bahari: Nguvu ya Umeme Tunayo Soin

Hotuba ya ofisa wa nishati wa kaunti kwa wakazi wa Soin



Vijana wengi hutuuliza swali hili: tunasikia kuna nchi zinazopata umeme kutokana na maji ya bahari kupwa na kujaa, sisi Ziwa Victoria haliko mbali, mbona tusilitumie?

Swali ni zuri. Ufaransa ina mtambo wa namna hiyo, La Rance, tangu 1966, wenye uwezo wa megawati 240. Korea Kusini ina mwingine, Sihwa, wa megawati 254, uliofunguliwa 2011. Lakini mitambo hiyo inataka tofauti kubwa kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Pale La Rance tofauti hiyo hufika mita 13. Pwani yetu, hata wakati wa bamvua, ni kama mita 4 tu. Na ziwa letu halipwi wala kujaa kiasi cha kuzungusha mtambo. Mawimbi yake ni ya upepo.

Kinachofanya kazi pale La Rance si chumvi, ni maji yanayoshuka. Na maji yanayoshuka, sisi watu wa nchi ya chai tunayo. Mito inayotoka Mau na kupita katika vilima vyetu huuletea mto Sondu maji yanayoendesha kituo cha Sondu Miriu, megawati 60, na chini yake Sang'oro, megawati 21. Maji yaleyale yanatumika mara mbili, kisha yanaendelea kwenda ziwani. Kule Bomet, Hospitali ya Tenwek imekuwa ikitumia mtambo wake kwenye mto Nyangores tangu miaka ya 1980. Na mashamba makubwa ya chai hapa Kericho yana mitambo yao midogo kwa ajili ya viwanda.

Je, kijito cha kwenu kinaweza? Pimeni mambo mawili: wingi wa maji na urefu wa mteremko. Kijito kinachopitisha lita 100 kwa sekunde, yaani mitungi mitano ya lita 20, kikishuka mita 10, hutoa karibu kilowati 5 baada ya nguvu inayopotea njiani. Hizo ni taa 500 za wati 10, au taa chache pamoja na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe. Lakini pimeni Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Anayepima wakati wa mvua ndefu atanunua mtambo utakaolala nusu mwaka.

Sheria ya Nishati ya 2019 haikutaki leseni ya kuzalisha umeme kwa matumizi yako mwenyewe usiozidi megawati 1. Kibali cha kutumia maji bado kinahitajika, kwa sababu mto si wa mtu mmoja. Aliye chini naye anaungoja.

Soin ya chini, ambako ardhi ni tambarare, msilazimishe mto. Huko jua ni kali, na sola inafaa. Mwulize fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA kabla ya kumpa malipo ya kwanza. Joto hilohilo linasaidia biogesi: ng'ombe wawili au watatu wa zizini wanaweza kumpikia mama chakula cha familia, na mabaki yanarudi shambani kuwa mbolea. Tukizungumzia nishati, tusiwaze taa peke yake. Nyumba nyingi nishati yake kubwa ni kuni, na moshi wake unaishia kwenye kifua cha mama na mtoto.

Sasa nawaomba mambo mawili. La kwanza, tulinde kingo za mito. Mikaratusi inayopandwa hadi majini inakunywa maji ya mtambo, ya ng'ombe na ya jirani. Ipande mbali na mto. Kando ya maji tuache miti ya kienyeji.

La pili, Katiba imeipa kaunti jukumu la kusambaza umeme na gesi, na sheria inaitaka kaunti iandike mpango wa nishati. Mpango huo huandikwa kutokana na yale wananchi wanayosema. Kijiji kitakachokuja na vipimo vya kijito chake, idadi ya nyumba zisizo na stima na jina la kamati yake kitakuwa na jambo la kujadiliwa. Kitakachonyamaza, wengine watakiamulia.

Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mtambo hauji wenyewe. Anzeni kupima.